Nilipeleka wapwa wangu Kigali, nikarudi na stori ya Naivasha

Kabla mtu aniulize: sina mtoto. Nina wapwa wawili, kijana wa miaka sita ambaye hapa tutamwita Mkubwa, na msichana wa miaka mitatu tutakayemwita Kadogo. Pia nina sifa kwa familia yetu ya kuwa yule mtu "hana kitu anafanya". Niliacha chuo mwaka wa pili, nakula kupitia vidio na hizi stori mnasoma, na kwa hesabu ya familia hiyo inamaanisha niko huru siku saba kwa wiki. Kwa hivyo dada yangu alipoitwa Kigali kwa mafunzo ya kazi ya siku nne, mwishoni mwa likizo ya Aprili, na yaya ameenda ushago, simu ilinijia mimi.

"Si wewe ndio hupenda Kigali? Nitakulipia tiketi. Kazi yako ni kushika hawa watoto mchana."

Nilikubali kabla amalize. Wanaonifuata wanajua Kigali ni jiji langu. Nilikuwa nimeenda mara tatu, zote kwa basi, zaidi ya saa 24 kutoka Nairobi kupitia Kampala, miguu imevimba, na kila nikishuka Nyabugogo naona ilistahili. Napenda vile taa hupanda vilima usiku. Napenda kukaa na kikombe kimoja cha kahawa saa tatu nzima bila mtu kuniangalia vibaya. Napenda Kimironko sokoni, pale vitambaa vimepangwa mpaka dari. Niliamini nalijua hilo jiji kama mfuko wa suruali yangu. Nikaandika orodha kwa simu ya mahali kumi na tano nitapeleka watoto.

Tulimaliza mahali pawili.

Shida ya kwanza ni saa. Kigali iko nyuma ya Nairobi kwa saa moja. Ndege huchukua kama saa moja na nusu, kwa hivyo ukitua na uangalie ukutani unaona ni kama umesafiri nusu saa tu. Tamu sana, mpaka asubuhi. Mtoto hajui mambo ya saa za nchi. Wale ambao nyumbani huamka saa kumi na mbili waliamka saa kumi na moja, nje giza tititi, wakitaka uji. Mimi hiyo saa ya Kigali nilikuwa naijua tu nikirudi kulala.

Shida ya pili ni pikipiki. Huko wanaiita moto. Mkubwa alisikia hivyo akacheka mpaka akakaa chini. "Anko, watu wa huku wanapanda moto?" Nikamwambia ndiyo, na hawaungui. Lakini moto wa Kigali hubeba abiria mmoja tu, na lazima avae kofia. Ile mambo yetu ya baba, mama, watoto wawili na gunia la viazi juu ya boda moja, sahau. Mtu mwenye watoto wawili anabaki na teksi, basi au miguu. Na ukisema miguu Kigali, umesema kilima. Kigari cha Kadogo kilipanda kilima kimoja, nikakirudisha tulikolala na hakikutoka tena mpaka siku ya kwenda uwanja wa ndege. Kadogo akahamia mgongoni mwangu.

Shida ya tatu haikuwa ya kuchekesha. Rwanda wanaendesha magari upande wa kulia. Najua hilo, nimelizoea. Kile sikuwa nimefikiria ni kwamba Mkubwa amefundishwa shule vizuri sana: angalia kulia, kushoto, kulia tena, vuka. Siku ya kwanza akafanya vile alifundishwa. Akaangalia kulia, hakuna kitu, akaweka mguu barabarani. Moto ilikuwa inatoka kushoto. Nilishika sweta yake kwa nyuma nikamvuta kwa nguvu hadi akaanguka. Mwenye moto alikuwa ameshashika breki, akatuangalia, akashika kifua, akaenda.

Mkubwa alilia, na alicholilia si kuanguka. "Lakini niliangalia, Anko! Niliangalia!" Na kweli aliangalia. Nilikaa naye kando ya barabara dakika kumi, magoti yangu yakitetemeka kuliko yake. Tangu hapo tulivuka tukisema kwa sauti: kushoto, kulia, kushoto. Kadogo alikuwa anasema "kushoto, kushoto, kushoto", lakini huyo alikuwa mgongoni, kwa hivyo haikuwa na neno.

Sasa, mahali pawili tulimaliza.

Pa kwanza ni duka la maziwa. Kama hujawahi kuenda Kigali, kuna maduka madogo ambayo kazi yake ni kuuza maziwa tu. Yapo ya moto, yapo ya baridi, na yapo yale yaliyoganda wanaita ikivuguto, ukionja utasema hii si mala? Unapewa kikombe kikubwa na mandazi, unakaa kwa benchi na watu wazima waliovaa suti wanaokunywa maziwa asubuhi bila aibu. Mara zote tatu nilipita hayo maduka nikitafuta kahawa ya kupiga picha. Safari hii, kwa sababu ya ile njaa ya saa kumi na moja, tulingojea duka la karibu lifunguliwe. Tukiwa tunangoja tuliona wamama wakifagia barabara jua likitoka, mmoja akampungia Kadogo ufagio. Miaka yote nasifu usafi wa Kigali, na sikuwa nimewahi kuwaona watu wenyewe wanaousafisha.

Hapo dukani Mkubwa alianza kukusanya maneno. Amata ni maziwa. Amazi ni maji. Umwana ni mtoto. Aligundua kwamba Kinyarwanda ni kama Kiswahili kilichojificha, na kazi yake ni kukitafuta. Mwenye duka, mama wa makamo aliyejua Kiswahili kizuri, alikuwa anampima kila asubuhi. Akipata neno anaongezewa mandazi.

Pa pili ni Imbuga City Walk, ile barabara ya katikati ya jiji ambayo magari yaliondolewa ikabaki ya watu kutembea na kukaa. Hapo mtoto anaweza kukimbia na wewe ukapumua. Tulienda siku mbili mfululizo. Orodha yangu ya mahali kumi na tano nikaifuta.

Kuna mahali pamoja ambapo hata kwa orodha sikupaweka. Kila nikienda Kigali huenda Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari. Palifunguliwa mwaka wa 2004, na zaidi ya watu 250,000 wamezikwa hapo. Kuna chumba cha watoto. Picha kubwa za watoto, na chini ya picha umri wake, alichopenda kula, alichopenda kucheza. Mmoja wameandika alipenda kunywa maziwa. Nilipoenda mara ya kwanza nilitoka katikati ya hicho chumba nikaenda kukaa kwa bustani. Huwezi kupeleka mtoto wa miaka sita huko, nilijiambia. Hiyo tutaruka.

Lakini Aprili haiwezi kurukwa Kigali. Maombolezo huanza tarehe 7, siku ambayo mauaji ya 1994 yalianza, na kipindi cha kumbukumbu huendelea siku mia moja, kwa sababu mauaji yenyewe yalichukua kama siku mia moja. Kwa hivyo mabango yalikuwa bado yapo. Na Mkubwa ndio amejua kusoma. Nyinyi wenye wadogo mnajua huo ugonjwa: anasoma mabango yote, milango yote, mpaka chupa za sabuni.

Siku ya tatu tumekaa Imbuga, Kadogo amelala kwa mapaja yangu, Mkubwa akasoma bango polepole. "Kwi-bu-ka." Akanigeukia. "Anko, hii najua. Ni kuibuka. Kama kiboko akitoka kwa maji."

Nikamwambia hapana, hiyo imekudanganya. Kwibuka ni kukumbuka.

"Kukumbuka nini?"

"Watu waliokufa."

"Walikuwa wagonjwa?"

Nataka muelewe hapo nilikuwa wapi. Neno "ndiyo" lilikuwa kwa ulimi. Ningesema ndiyo, angeenda kukimbia, tungekunywa maziwa, stori imeisha. Ningekuwa sijaumiza mtu.

Lakini hiyo "ndiyo" ninaijua kutoka upande ule mwingine. Mwaka wa 2008, mwezi wa kwanza, tulikuwa tunaishi Naivasha. Nilikuwa na miaka minne. Uchaguzi wa Desemba ulikuwa umeharibika na watu wakaanza kuuana. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchi nzima kabla mambo yatulie. Mimi sikujua lolote. Mathe aliniambia tunaenda kwa shosho, kuna sherehe. Nikaamini. Nakumbuka lori, nakumbuka usiku mmoja tulilala nje na watu wengi sana, na kwa kichwa changu hiyo ilikuwa sehemu ya sherehe. Nilikuja kujua nikiwa na miaka kumi na nne, binamu yangu akiongea tu, ati "ile nyumba yenu iliyochomwa". Ndio nikaelewa kwa nini sina hata picha moja ya utotoni. Niliambiwa zilipotea tukihama.

Simlaumu mathe. Lakini ile miaka kumi ya kutojua ilinifanyia kitu. Ukijua umedanganywa kwa jambo kubwa hivyo, unaanza kurudi nyuma ukichunguza kila kitu kingine.

Kwa hivyo nikamwambia Mkubwa: "Hapana. Hawakuwa wagonjwa. Waliuawa na watu."

"Watu wabaya?"

"Watu. Wengine walikuwa majirani."

Akanyamaza. Nikaona anafikiria majirani wetu mmoja mmoja, yule wa mbwa, yule wa kuuza mayai. Nikajua nimefungua mlango na sina ufunguo wa kuufunga.

"Na watoto?"

"Hata watoto."

"Na yule mama wa maziwa, alikuwa wapi?"

Hilo sikulitarajia. Mimi nimeenda huko kwa ndugu yetu Rwanda mara tatu na kamera, nimesema maneno makubwa kuhusu historia, na siku moja sijawahi kumwangalia mtu wa makamo dukani nikajiuliza huyu 1994 alikuwa na miaka mingapi. Nikamwambia sijui, na hatutamuuliza, kwa sababu akitaka kusema atasema mwenyewe.

"Tunaweza kumwambia pole?"

Nikamwambia tunaweza kumwambia murakoze. Asante. Akaona hiyo inatosha.

Jioni dada yangu akarudi kutoka mafunzo, na Mkubwa hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu. "Mum, unajua majirani waliua watoto?"

Sitaandika yote tuliyosema usiku huo baada ya watoto kulala. Mengine ni yetu. Lakini alianza kwa kunong'ona, ile ya hasira.

"Ana miaka sita."

"Mimi nilikuwa na minne."

"Na wewe uliambiwa nini? Uliambiwa kuna sherehe. Ukalala. Mimi nilikuwa na kumi na tatu, hakuna mtu aliniambia kitu, kwa sababu mimi nilikuwa naona na macho yangu."

Sikuwa na jibu. Miaka hiyo yote nimebeba hii kitu kama yangu, mimi ndio nilidanganywa, mimi ndio sina picha. Sikuwa nimewahi kumuuliza dada yangu hata swali moja. Nimehoji watu sijui wangapi kwa vidio zangu, madereva, wachoraji, mpaka mwenye kuuza kofia, na huyu tumelala chumba kimoja utoto wote.

"Unajua nani alikubeba?" akaniuliza.

"Si mathe?"

"Mathe alikuwa amebeba godoro na jiko. Ni mimi nilikubeba. Kutoka kwetu mpaka kituo cha polisi. Ulikuwa unaniuliza kama kwa shosho kutakuwa na soda."

Alilia kidogo, mimi nikalia zaidi, tukiwa tumeketi sakafuni mwa bafu ili watoto wasisikie. Alisema hakukasirika kwa sababu nilimwambia Mkubwa ukweli. Alikasirika kwa sababu alikuwa anajua hilo swali litakuja siku moja, alikuwa amejitayarisha kulijibu yeye, na kila mwaka anasema mwaka ujao.

Asubuhi ya mwisho, saa kumi na moja kama kawaida, sote wanne tukaenda dukani kwa maziwa. Mafunzo yalikuwa yanaanza saa tatu. Mkubwa akamwambia yule mama "murakoze" kabla hata ya kupewa kikombe, kwa sauti, amesimama wima kama yuko paredi. Yule mama akashangaa, akacheka, akamshika kichwa. Hakujua ni ya nini. Au alijua, siwezi kusema.

Tukiwa tumeketi hapo dada yangu akamwambia Mkubwa sehemu yake. Akaichagua vizuri kuliko mimi. Hakumwambia nani alifanya nini. Alimwambia kwamba hata kwetu wakati mmoja watu walipigana, mama yake alikuwa mdogo na aliogopa, na alimbeba Anko mgongoni mpaka mahali pa usalama.

Mkubwa alishika kitu kimoja tu kutoka hapo. "Ulimbeba ANKO?" Akaniangalia kutoka kichwa mpaka viatu. Akaona haiwezekani. Akashuka kwa benchi, akanishika kiuno, akajaribu kuniinua mbele ya watu wote wa suti na vikombe vyao. Kadogo naye akashika mguu kusaidia. Dukani watu walicheka mpaka maziwa yakamwagika.

Sasa najua kuna mtu atasema, wewe huna mtoto, unajuaje mtoto aambiwe nini. Uko sawa. Sisemi umwamshe mtoto wa miaka sita umweleze mauaji. Nasema akiuliza amekuangalia machoni, usimpe "ndiyo" ya kumnyamazisha. Mpe kidogo, lakini kidogo hicho kiwe kweli. Mwambie "sijui" pale hujui. Na kama kuna mkubwa nyumbani kwenu aliyekuwa pale wakati wewe ulikuwa mdogo wa kubebwa, muulize leo. Tuliozaliwa miaka ile ya 2003 na 2004 tunajua 2008 kwa kuambiwa tu, na wengi wetu hatujaambiwa.

Na kama una jiji unalipenda, nenda nalo na watoto mara moja. Hutapata picha nzuri. Nilirudi na vidio mbili, zote za Kadogo akilala. Lakini utaliona saa ambazo hukuwa unaliona, na utakaa na watu ambao ulikuwa unawapita.

Tukipanda kilima cha mwisho kwenda kuchukua mizigo, Kadogo mgongoni mwangu, amelala na mate yake shingoni, nilimuuliza dada yangu kama nilikuwa mzito.

"Sana," akasema. "Na hukutaka kushuka."